Jasho la Mama na Talanta Iliyofukiwa

Dominika ya 33 ya Mwaka A
Masomo: Mit 31:10-13, 19-20, 30-31, 1 The 5:1-6, Mt 25:14-30



Leo tunawaomba mfuatane nasi hadi Usoke, katika Wilaya ya Urambo. Atakaye kufika huko kwa reli hupanda treni ya Kigoma pale Tabora mjini, akaelekea magharibi kupitia misitu ya miyombo, na kabla hajafika Urambo hushuka kituoni Usoke. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo, njia ya kwenda ziwani ni kongwe kuliko reli. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikapumzika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Ilibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu. Na kwa aibu ya binadamu sote, iliwaswaga pia watu waliotiwa utumwani. Wanyamwezi walisifika pwani na bara kwa upagazi wao, na jina la Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, lilijulikana hata Ulaya.

Lakini, wapendwa, tujiulize jambo moja. Msafara ulipoondoka wakati wa kiangazi, nani alibaki kijijini? Nani aliyelima, akapalilia, akahifadhi chakula ghalani, ili mpagazi atakaporudi akute nyumba ingali nyumba? Wako wanawake waliosafiri na misafara hiyo, wakiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni, na jioni wanaume walipotua mizigo na kupumzika, wao walianza kazi ya kutafuta maji na kuni. Wako wengi zaidi waliobaki nyuma na majembe yao. Vitabu vimetaja wakuu wa misafara, vikawataja wazungu waliopita, vikawataja hata punda waliokufa njiani. Majina ya akina mama hao hayakuandikwa. Wameandikwa katika kitabu kimoja tu, kile kilicho mbele ya Mungu.

Ndugu wapendwa, habari hiyo ya kale inatuingiza moja kwa moja katika masomo ya Dominika hii. Katika somo la kwanza, mwenye hekima wa Mithali anamweleza mke mwema. Sisi wahubiri tumelitumia sana somo hili katika Misa za ndoa. Tumemweleza bibi arusi juu ya sufu na kitani, juu ya mikono isiyojua kulala, juu ya kumtendea mumewe mema siku zote. Tukaishia hapo, tukaketi. Leo Mama Kanisa anatusomea mpaka mwisho, na mwisho wake hausemi na bibi arusi. Unasema na sisi wengine. Unaiagiza jamii impe mwanamke huyo kile kilichozalishwa na mikono yake, na kwamba kazi zake zitajwe kwa heshima langoni pa mji, yaani mahali pale ambapo wazee walikaa kuamua mashauri ya watu.

Angalieni mpangilio wa maneno hayo. Kwanza haki, ndipo sifa. Sisi tumezoea kutoa sifa na kuibakiza haki. Tunawaimbia akina mama, tunawafungia khanga siku ya sherehe, tunasema kwamba mama ni nguzo ya nyumba. Lakini nguzo, wapendwa, hubebeshwa paa na haiulizwi neno. Maandiko yanataka zaidi ya hayo.

Na Injili ya leo yatueleza juu ya bwana aliyesafiri akawaachia watumishi wake talanta: mmoja tano, mwingine mbili, mwingine moja. Talanta moja ilikuwa mali nyingi. Kibarua wa siku zile angefanya kazi karibu miaka ishirini ndipo aipate. Wawili walifanya biashara, wakazidisha. Wa tatu alichimba shimo akaifukia. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba aliogopa. Hofu ndiyo iliyolichimba lile shimo. Basi tunauliza: katika vijiji vyetu ni talanta ngapi za akina mama zimefukiwa ardhini? Na je, kila mara ni mama mwenyewe aliyezifukia kwa uvivu, au tuko sisi tuliomshikisha jembe, tukamwambia, chimba?

Tuitazame tumbaku, zao kuu la biashara la Urambo. Wasikilizaji wa mjini huenda hawaijui kazi yake, hivyo watuvumilie kidogo. Kazi huanza kiangazi kwa vitalu. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi, nayo hutaka kumwagiliwa maji asubuhi na jioni. Nani huyachota? Mama na binti zake. Mvua zikianza, kama zinavyoanza majuma haya, miche huhamishiwa shambani. Hufuata palizi, mbolea, kukata maua na kung'oa machipukizi. Majani yakikomaa huchumwa kuanzia chini kwenda juu, raundi baada ya raundi. Hufungwa kwenye fito, huingizwa ndani ya bani, na moto hukokwa usiku na mchana kwa siku kadhaa bila kuachwa uzimike. Kuni hutoka msituni, na kila mwaka msitu husogea mbali. Yakisha kukauka, majani huchambuliwa kwa madaraja, yakafungwa marobota. Tena jani bichi lenye umande hupenyeza sumu katika ngozi ya mchumaji. Ndiyo sababu wachumaji hupatwa na kizunguzungu na kutapika, wala si vema mama mjamzito au mtoto kuachwa katika kazi hiyo. Na kati ya kazi zote hizo, mama huyo huyo hutwanga, hupika, hunyonyesha, na hulima mahindi na karanga za kulisha nyumba.

Kisha inafika siku ya soko. Robota hupimwa kwa jina la mwanachama wa chama cha msingi. Katika nyumba nyingi mwanachama ni mmoja, naye ni baba. Mkopo wa mbolea na dawa hukatwa kwanza, na kinachobaki huingia katika akaunti yake. Wako akina baba wengi, tunawajua na tunawaheshimu, ambao siku hiyo hurudi nyumbani, wakaketi na wake zao, wakapanga pamoja karo, bati na akiba. Mungu awabariki. Wako pia wale ambao siku hiyo barabara ya nyumbani huwapotea. Watarudi baada ya wiki mbili, mfuko mtupu, au watarudi na mke mwingine, na yule aliyekesha kando ya bani hataambiwa hata jumla ya kilichopatikana. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, aliliona jambo hili mapema. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 alieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, hali wanaume wengi wa vijijini wamo likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yamepita nusu karne. Kila mmoja apime kama yamezeeka.

Ndugu zetu, si haki tuwanyoshee wengine kidole bila kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika huduma ya kichungaji pande zile za Usoke, alitujia mama mmoja mjane baada ya Misa. Alipiga magoti, akasalimu, akaeleza shida yake.

"Baba Padre, bani lile tulilijenga mimi na marehemu. Nimelikokea moto miaka kumi na mmoja. Sasa shemeji amelitia kufuli, na fedha za tumbaku amezichukua yeye. Anasema vyote ni vya ukoo, nami nirudi kwetu au nikae chini yake. Nifanyeje?"

Tulimjibu hivi: "Mama, vumilia. Mwachie Mungu. Tutakuwekea nia katika Misa."

Alitushukuru, akaenda zake. Kwa kweli tulikuwa na haraka. Kigango kingine kilitungoja, na mambo ya urithi tuliyaona kuwa ni ya wazee wa ukoo. Tulijiona tumehudumia.

Miezi michache baadaye tulikuwa na semina ya Biblia kwa akina mama wa WAWATA, umoja ule wa Wanawake Wakatoliki ulioanzishwa nchini mwetu mwaka 1972. Tulikuwa tumechagua sura ya 27 ya Kitabu cha Hesabu, wala hatukuichagua kwa sababu kubwa. Humo mna habari ya mabinti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifariki jangwani bila mtoto wa kiume. Nchi ilipokuwa ikigawanywa, jina la baba yao lingefutika, nao wangebaki mikono mitupu. Basi mabinti wale walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai sehemu yao. Tulimaliza kusoma, tukauliza kama kuna swali. Mama yule mjane akasimama.

"Baba Padre, utuwie radhi. Musa aliwaambia wavumilie?"

"Hapana, mama. Musa alilipeleka shauri lao mbele ya Mungu."

"Na Mungu akasemaje?"

"Mungu alisema kwamba mabinti wale wana haki, wapewe urithi."

Mama yule akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, bila hasira hata chembe: "Na shauri langu mimi, Baba, ulilipeleka?"

Wapendwa wasikilizaji, katika seminari kuu tulisoma falsafa na taalimungu kwa miaka mingi, tukatahiniwa na maprofesa wenye kuogopwa. Hatukuwahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Ni kweli tulikuwa tumemtolea Misa. Lakini kulipeleka shauri mbele ya Mungu, kama alivyofanya Musa, ni kwenda na kurudi na jibu, na kulitamka jibu hilo mbele ya mkutano. Sisi tulikuwa tumekwenda bila kurudi. Talanta ya sauti yetu tuliifukia, kwa kuwaogopa wazee wa ukoo ambao ndio waliokuwa wakitoa michango ya kanisa.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995, alikiri kwamba wanawake wamenyimwa heshima yao mara nyingi katika historia, na kwa sehemu ya kosa hilo iliyowahusu wana wa Kanisa, aliomba radhi. Barua hiyo ilitoka kabla ya mkutano mkuu wa wanawake wa dunia uliofanyika Beijing mwaka huo, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa mama wa Kitanzania, Gertrude Mongella. Ikiwa Baba Mtakatifu aliweza kuomba radhi mbele ya ulimwengu, padre wa kijijini ashindwe na nini? Tuliomba radhi siku ile ile, mbele ya akina mama wote.

Kisha tukaanza kujifunza kile tulichopaswa kukijua mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, nayo inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawasawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ama kutumia ardhi. Na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, inataka watatu wawe wanawake. Hata hivyo hatutaki kuwadanganya: katika urithi, mjane aliachwa nyuma. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimnyima sehemu ya mali ya mumewe, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua kwamba wajane wawili wa jirani zetu Wasukuma walikuwa wamevunjiwa haki zao kwa kanuni hizo.

Je, mama yule alifanyaje? Hakwenda peke yake. Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Akina mama wanne wa Jumuiya yake Ndogo Ndogo walifuatana naye mbele ya Baraza. Mmoja wao ni Mmoraviani aliyeolewa kwa Wakatoliki, maana ndugu zetu hao wamekuwapo Urambo tangu mwaka 1898 na tumezoea kuzikana. Walieleza kwa zamu: nani alifyatua tofali, nani alibeba maji, nani alikesha na moto. Wazee walisikiliza. Baraza likawapatanisha, shamba na bani vikabaki kwa mjane na watoto wake. Fedha za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuliwa, hazikurudi. Shemeji alinuna, na kwa karibu mwaka mzima hakukanyaga kanisani. Alikuja Kwaresima iliyofuata, akasimama mlangoni akitafuta mahali pa kukaa. Aliyemsogezea nafasi katika benchi ni mjane yule yule. Hapo tulielewa kwamba haki haiui undugu. Kinachoua undugu ni dhuluma iliyofunikwa kwa jina la undugu.

Baada ya hapo akina mama wale hawakutawanyika. Walianza kikundi cha kuweka na kukopa, cha aina ile tunayoiita VICOBA. Wengi wenu mwakijua: kila juma mwanachama hununua hisa kadiri ya uwezo wake, fedha huhesabiwa mbele ya wote, huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo hata mmoja awezaye kulifungua peke yake. Mfuko wa jamii huwekwa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Anayekopa hujulikana anakopa kwa jambo gani, na mwisho wa mwaka kila mmoja hupata mgawo wake. Haba na haba hujaza kibaba. Tulipoliona sanduku lile kwa mara ya kwanza tuliikumbuka talanta ya Injili. Nalo lilikuwa limewekwa chini ya kitanda, gizani, lakini halikufukiwa. Fedha zake zilikuwa zikitembea: huku zimekuwa mizinga ya nyuki, huku zimekuwa karo, huku zimekuwa cherehani.

Tumetaja nyuki. Asali ya Tabora inajulikana, kwa kuwa maua ya miyombo ni malisho mema ya nyuki. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, kwa sababu mizinga ya magogo huning'inizwa juu ya miti mirefu mbali msituni. Mzinga wa kisasa wa mbao huwekwa karibu, kwa kimo cha mtu, na mama anaweza kuuhudumia akiwa na khanga yake. Tena mti unaolisha nyuki hukatwa kwa uchungu zaidi kuliko mti unaongojewa na bani.

Lakini hapa lazima tutoe onyo. Si kila anayekuja kijijini na fedha mkononi ni rafiki wa akina mama. Iko mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Huja kwa haraka, haina maswali, na riba yake hupanda kama moto wa kiangazi. Tumewaona akina mama wakinyang'anywa sufuria, magodoro na hata kuku wenye vifaranga. Tumemwona aliyekimbia nyumba kwa aibu, akawaacha watoto. Bwana anayevuna asipopanda, yule aliyeogopwa na mtumishi wa tatu, huyo yuko kweli katika dunia hii, naye hutembea na daftari. Akina mama, kabla hamjaweka dole gumba, ulizeni, someni, wapelekeeni watoto wenu wawasomee. Kumbukeni pia kwamba kwa sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha taratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Fedha hiyo ni yenu. Ifuateni kwa vikundi, kwa uaminifu, na mkiikopa mrudishe, ili na wenzenu wapate.

Ndugu wapendwa, Mtume Paulo katika somo la pili anatuasa tusilale kama wengine, tukeshe na kuwa na kiasi, kwa maana siku ya Bwana huja kama mwizi usiku. Mama wa bani anajua kukesha. Hahitaji kufundishwa na padre. Sisi wengine ndio tuliolala. Basi tuamkeje?

Akina baba, tunawaomba kwa heshima mambo matatu. Kwanza, msimu huu mnapopanda, mwandikisheni mke naye awe mwanachama katika chama cha msingi, na shamba likipimwa, hati ya kimila iandikwe kwa majina yenu wawili. Pili, siku ya malipo hesabu ifanyike mezani, mama akiwepo. Huwezi kumwita mtu ubavu wako, kisha ukamficha mfuko wako. Tatu, binti asiachishwe shule ili achote maji ya kitalu wakati kaka yake anakwenda darasani. Baba anayefanya hayo hapungukiwi na ukubwa wake. Mtakatifu Yosefu alikuwa mkuu wa familia ya Nazareti, na hatusikii popote kwamba alikula peke yake jasho la Maria.

Akina mama, nanyi msiifukie talanta kwa hofu. Ingieni katika Halmashauri ya Kijiji, ingieni katika Baraza la Ardhi, na mkisha kuingia, semeni. Kiti cha mwanamke anayenyamaza siku zote ni kiti kilichokaliwa na kimya. Wala msidhulumiane ninyi kwa ninyi: mwenye ufunguo wa sanduku asiugeuze kuwa fimbo, na mama mkwe aliyeteseka asimfanye mkaza mwana alipie mateso yake.

Nasi mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya, mjane akitujia na shauri lake, tusimpe uvumilivu ambao sisi wenyewe hatuuhitaji. Tumwombee, ndiyo, kisha tuinuke, tumsindikize mpaka langoni, mahali mashauri yanapoamuliwa.

Siku moja yule bwana aliyesafiri atarudi. Huenda atarudi jioni, saa ambayo moshi wa mabani hutanda juu ya Usoke na treni ya Kigoma hupiga honi mbali. Atataka hesabu. Hatatuuliza marobota yalikuwa mangapi. Atamtazama yule aliyesimama nyuma ya wote, mwenye mikono iliyopasuka na macho mekundu kwa moshi, kisha atatugeukia sisi na kuuliza: huyu mlimpa nini?

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyewasikiliza mabinti watano mlangoni pa hema, utusikilize na sisi. Uwabariki akina mama wote wanaopanda msimu huu. Uwape mvua kwa wakati wake, na haki wakati wa mavuno. Uwape akina baba moyo mpana. Utufanye sisi wachungaji tusiogope nyuso za wakubwa. Na wale akina mama wa zamani waliopita njia ya misafara bila kutajwa na mtu, uwataje Wewe kwa majina yao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo!